Kalenda mbili, Ekadashi mbili: wali upikwe lini?

Swali: "Napika kwa familia ya Kihindi hapa Upanga, Dar es Salaam, mwaka wa tatu sasa. Bibi wa nyumba hufunga mara mbili kila mwezi, na siku hiyo hataki kuona wali, ngano wala dengu. Jikoni kuna kalenda ya ukutani iliyoletwa kutoka India, nami ndiyo ninayoifuata. Mwezi wa Juni iliandika mfungo Jumanne, kwa hiyo Jumatatu nikapika pilau ya mboga. Kumbe bibi alikuwa amefunga Jumatatu ileile, kafuata kalenda ya kwenye simu ya mjukuu wake. Sufuria ikarudi jikoni kama ilivyotoka. Nani alikosea? Na kama wao nao wanafuata mwezi kama sisi Waislamu, mbona Diwali, sikukuu yao ya taa, haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani?"

Dada yangu, pole na pilau. Hukukosea, kalenda haikukosea, na simu ya mjukuu nayo haikukosea. Kalenda ile ilisema kweli, ila ilikuwa kweli ya Mumbai, na bibi yako anakaa Upanga.

Siku hiyo inaitwa Ekadashi, yaani "ya kumi na moja". Wagujarati majumbani huiita agiyaras, na nadhani ndilo neno unalolisikia hapo kila baada ya wiki mbili. Ni ya 11 tangu mwezi kuandama, kisha ni ya 11 tena tangu mwezi mpevu. Shida yote imejificha kwenye hiyo "ya 11". Ukiambiwa leo ni mwezi 11 Rajabu, unaelewa ni siku ya kumi na moja, magharibi hadi magharibi. Wahindu hawahesabu siku hapo. Wanahesabu kitu kinachoitwa tithi, na tithi si siku.

Tazama saa ya ukutani yenye mishale. Mshale mrefu uwe mwezi, mfupi uwe jua. Yote miwili inazunguka upande mmoja, ila mrefu una mbio. Inapolaliana, mmoja juu ya mwingine, ndipo mwezi ulipo gizani. Kuanzia hapo mwezi unaanza kuliacha jua nyuma. Kila unapolitangulia kwa nyuzi 12, ambazo kwenye uso wa saa ni nafasi ya dakika 2 tu, tithi moja imekwisha na nyingine imeanza. Duara zima ni nyuzi 360, basi tithi ni 30: 15 za mwezi unaokua, ambazo kwenye kalenda ya Kigujarati zimeandikwa sud, na 15 za mwezi unaopungua, vad. Ukijua maneno hayo mawili umeshajua nusu ya kalenda ile.

Mwezi humaliza mzunguko huo kwa siku 29 na nusu na kitu kidogo. Gawa kwa 30, utapata kwamba tithi ya wastani ni saa 23 na dakika 37, pungufu ya siku. Na hiyo ni ya wastani tu, kwa sababu njia ya mwezi si duara kamili. Ukiwa karibu na dunia, kama kilomita 363,000, huenda mbio. Ukiwa mbali, kama kilomita 405,000, hujikokota. Kwa hiyo tithi moja yaweza kwisha kwa saa 20 hivi, nyingine ikavuta zaidi ya saa 26. Tena huanza wakati wowote inaotaka, saa 8 mchana au saa 5 usiku, haingoji alfajiri.

Mtu naye anataka kujua afunge siku gani, na siku yake huanza asubuhi. Wazee wa India walilimaliza hilo kwa kanuni moja: jua linapochomoza, tazama ni tithi gani iliyopo, hiyo ndiyo itakayoipa siku jina. Kanuni ni nyepesi, matokeo yake ni ya ajabu. Tithi fupi ikianza baada ya jua kuchomoza na kwisha kabla halijachomoza tena, haipati siku hata moja, inaruka. Tithi ndefu inaweza kukamata macheo mawili, ikapewa siku mbili. Ndiyo maana kwenye kalenda ile utaona baada ya 8 inakuja 10, au 5 zimefuatana mbili. Nilipokuwa mtoto Tanga nilidhani mpiga chapa alikuwa mlevi.

Sasa rudi kwenye Jumatatu yako. Tithi hubadilika kwa wakati mmoja dunia nzima, kwa sababu ni jambo la mwezi na jua huko juu, halina uhusiano na mji wako. Lakini jua halichomozi wakati mmoja dunia nzima. Tuchukue mfano unaofanana na uliyoyaona. Tuseme tithi ya 10 ilikwisha Jumatatu saa 1 asubuhi kwa saa za India. Mwezi wa Juni jua la Mumbai huchomoza saa 12 na dakika chache. Lilipochomoza Jumatatu bado ilikuwa ya 10, basi Mumbai Jumatatu ni ya 10, na mfungo ni Jumanne. Saa 1 asubuhi ya India ni saa 10 na nusu alfajiri hapa kwetu. Jua la Dar es Salaam mwezi wa Juni huchomoza kama saa 12 na nusu. Lilipochomoza, ile ya 11 ilikuwa imeshaingia saa mbili nzima. Basi Dar es Salaam mfungo ni Jumatatu. Na tithi hiyo ikidumu saa 24, itakwisha kesho yake saa 10 na nusu alfajiri yetu, kwa hiyo Jumanne jua letu halitaikuta kabisa. Huwezi hata kusema "basi afunge Jumanne, hakuna neno." Kwa Dar es Salaam, Jumanne hiyo hakuna Ekadashi ya kufunga.

Angalia mwelekeo, maana utakusaidia siku nyingine: kalenda ya India ikitofautiana na hesabu ya hapa, ya hapa ndiyo hutangulia. Kwetu jua linachelewa kuchomoza, kwa hiyo tithi inapata muda zaidi wa kuingia. Na pengo halilingani mwaka mzima. Kwa kuwa Mumbai iko kaskazini ya ikweta na sisi tuko kusini, mwezi wa Juni jua lao linatangulia letu kwa saa 3 hivi. Desemba, wao wakiwa kwenye baridi na asubuhi zao zimechelewa, pengo linashuka hadi kama saa 1 na nusu. Kalenda ya ukutani inakudanganya zaidi wakati wa kipupwe kuliko wakati wa joto. Hili hata Wahindu wengi wa hapa hawajalitia akilini, wanalaumu simu.

Kuna sababu ya pili ya kutofautiana, nayo ni ya madhehebu. Wapo wanaotazama tithi ya macheo tu, kama nilivyoeleza. Wavaishnava, waja wa mungu Vishnu, ni wakali zaidi. Wao wanataka tithi ya 11 iwe safi tangu alfajiri, dakika 96 kabla ya jua. Ikiwa wakati huo ya 10 bado ipo, hata kwa nukta, siku hiyo wanaiona imetiwa doa na wanasogeza mfungo hadi kesho yake. Kwako Mwislamu si jambo geni: nanyi mnajua kwamba alfajiri na kuchomoza kwa jua ni vitu viwili, na saumu inafungwa na kimoja, si kingine. Basi usishangae nyumba mbili za ghorofa moja zikafunga siku mbili tofauti, zote ziko Dar es Salaam na zote zina simu. Familia nyingi za Kigujarati katika pwani yetu zina mkondo wa Kivaishnava wa namna fulani, ndiyo maana swali la kumuuliza bibi si "Ekadashi ni lini?" bali "nyie mnafuata ya hekalu gani?" Atakuheshimu kwa swali hilo.

Jambo moja linalohusu kazi yako moja kwa moja, na watu hulisahau: kufungua. Ekadashi haifunguliwi magharibi kama futari. Anayefunga hulala na mfungo wake, akafungua kesho yake baada ya jua kuchomoza, tithi ya 12 ikiwa bado ipo. Robo ya kwanza ya hiyo ya 12 nayo huiacha ipite. Mara nyingine nafasi inayobaki ni pana, asubuhi nzima. Mara nyingine ni finyu mno, kwa sababu ya 12 inakaribia kwisha. Siku bibi anapokuhimiza wali uwe tayari asubuhi na mapema, hajaamka vibaya. Anakimbizana na tithi.

Sipendi kukuachia dhana kwamba kila mfungo wao hupimwa kwa macheo. Kila siku ina saa yake. Shivaratri, usiku wa Shiva wa Februari au Machi, hupimwa kwa usiku wa manane. Kuzaliwa kwa Krishna pia ni usiku wa manane, na wengi hufunga hadi wakati huo. Kuzaliwa kwa Rama ni adhuhuri. Upo mfungo wa Ganesha, siku ya 4 ya mwezi unaopungua, ambao hufunguliwa mwezi ukionekana. Hapo ndipo utawakuta Wahindu wako juu ya paa wakikodolea macho upande wa mashariki, kama nyie mnavyokodolea magharibi jioni ya tarehe 29.

Diwali hupimwa kwa jioni. Inatakiwa giza la mwezi, tithi ya 30, liwepo baada ya jua kuzama. Mwaka 2024 hilo liliwagombanisha India nzima. Giza hilo lilianza 31 Oktoba alasiri na kwisha 1 Novemba saa 12 na dakika 16 jioni kwa saa zao, wakati Mumbai jua lilizama dakika kama kumi tu kabla yake. Jioni ya kwanza ilikuwa nayo yote, jioni ya pili ilikuwa nayo kiduchu. Wengine walisema kiduchu kinatosha, wengine wakasema hakitoshi, miji ikagawanyika. Kwetu Afrika Mashariki hapakuwa na haja ya kugombana. Giza lilikwisha 1 Novemba saa 9 na dakika 46 alasiri, jua la Dar es Salaam likiwa bado juu. Jioni ilikuwa moja tu, ya 31 Oktoba. Aliyewasha taa kesho yake kwa kuwa jamaa zake wa India walimpigia simu, aliwasha taa za jioni ya watu wengine. Hayo ni maoni yangu, na nina binamu ambaye hadi leo hajanisamehe.

Utauliza: kama ni hesabu tupu, bila kuangalia mwezi kwa macho, ubishi unatoka wapi? Unatoka kwenye hesabu zenyewe. Wapo watengeneza kalenda wanaofuata vipimo vya Surya Siddhanta, kitabu cha kale cha falaki, na wapo wanaofuata vipimo vya falaki ya leo. Mwisho wa tithi moja unaweza kupishana kwa saa kadhaa. Serikali ya India iliunda kamati mwaka 1952, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, ikakuta nchi imejaa kalenda zisizoelewana. Kazi yake ikazaa kalenda ya taifa iliyoanza kutumika 22 Machi 1957. Ipo ofisini. Nyumbani kila mtu ameshika ya bibi yake.

Hata majina ya miezi hayaafikiani. Gujarat na Maharashtra wanaanza mwezi baada ya giza, sawa na nyie. Kaskazini ya India wanauanza baada ya mwezi mpevu. Kwa hiyo mwezi wa Shravan, ambao Jumatatu zake wengi hufunga kwa ajili ya Shiva, kaskazini huanza nusu mwezi kabla ya Gujarat. Ukimsikia jirani Mpunjabi ameshaanza na bibi yako bado, sababu ni hiyo.

Nije kwenye Ramadhani. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, inapungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 11. Waislamu waliacha pengo hilo liende zake. Kurani, Sura At-Tawba aya ya 37, imekataza ile nasii, tabia ya kuahirisha miezi. Ndiyo maana Ramadhani inapita masika, kipupwe na vuli, ikarudi pale ilipoanza baada ya miaka kama 33. Wahindu waliamua kuziba pengo. Siku 11 kila mwaka zikijikusanya, baada ya kama miezi 32 na nusu zimekuwa mwezi mzima, basi mwezi wa 13 unaongezwa. Unaitwa adhik maas, mwezi wa ziada. Hauongezwi ovyo. Jua nalo lina vituo vyake 12 angani, na kwa kawaida kila mwezi mwandamo hulikuta likivuka kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Mwezi ambao jua halikuvuka popote ndio wa ziada, nao huazima jina la unaoufuata.

Matokeo yake unayaona kwenye tarehe. Diwali ya 2022 ilikuwa 24 Oktoba. Mwaka 2023 ukaingia mwezi wa ziada, 18 Julai hadi 16 Agosti, na Diwali ikarukia 12 Novemba. Kisha 31 Oktoba 2024, 20 Oktoba 2025, na 2026, wenye mwezi wa ziada kuanzia 17 Mei hadi 15 Juni, ni 8 Novemba. Inarudi nyuma, inarudi nyuma, inasukumwa mbele. Kama mtumbwi uliofungwa kamba: maji yanauchukua, kamba inaukatalia.

Sisi wa pwani tulilimaliza jambo hilo kwa njia nyingine. Waswahili walikuwa na kalenda mbili kwa pamoja: ya mwezi kwa ibada, na ya jua, ya Nairuzi, iliyohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, kwa kilimo na safari za baharini. Makunduchi bado wanaukoga mwaka huo kila Julai. Mhindu alizifunga zote mbili katika karatasi moja, na gharama yake ni ugumu wote huu ninaokueleza. Alikuwa na sababu. Mvuvi na baharia wa Gujarat na Maharashtra husubiri mwezi mpevu wa Shravan, hutupa nazi baharini kuipa bahari heshima, ndipo huhesabu kwamba machafuko ya masika yao yamepungua na vyombo vinaweza kutoka. Majahazi ya Kachchh, huko Gujarat, yaliyokuja Zanzibar na kaskazi yasingeweza kutegemea sikukuu inayohamahama misimu.

Sasa jikoni. Siku ya Ekadashi nafaka na jamii ya kunde hazipikwi. Wazee husimulia kwamba dhambi siku hiyo hukimbilia kujificha ndani ya nafaka. Mahindi nayo ni nafaka, usije ukamwekea ugali. Kinachoruhusiwa wanakiita farali: viazi mbatata, viazi vitamu, karanga, maziwa, matunda, unga wa rajgira, ambayo ni mbegu za jamii ya mchicha, moraiyo inayopikwa kama wali, na sabudana, zile punje nyeupe. Chumvi iwe ya mawe. Na hapa nikuchekeshe: sabudana ya India ni muhogo mtupu, viwanda vyake vimejazana Salem, Tamil Nadu. Muhogo na mbatata vyote vilitoka Amerika, vikasambazwa na Wareno. Chakula hicho cha mfungo, ambacho bibi atakuapia ni cha tangu enzi za Bhima, Bhima mwenyewe hakukijua. (Bhima ndiye yule shujaa wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, aliyeshindwa na njaa ya Ekadashi zote 24, akaruhusiwa kufunga moja tu, ila bila hata tone la maji. Inaangukia Mei au Juni. Siku hiyo usimpelekee bibi chai.)

Kalenda ya ukutani usiitoe. Ina picha nzuri na bibi ataiulizia. Mwambie mjukuu aweke kwenye programu ya simu mji wa Dar es Salaam, si Mumbai, na achague mkondo wanaoufuata. Nyingi zina sehemu hiyo, na wengi hawaigusi. Halafu kila mwezi unapoandama mwombe akuandikie siku mbili za mfungo na saa za kufungua kwenye kipande cha karatasi, ubandike mlangoni mwa friji. Zikipishana na za ukutani, shika karatasi. Karatasi ikipishana na bibi, shika neno la bibi. Na mwaka ambao utawasikia wakitaja Purushottam maas, ujue ndio ule mwezi wa ziada. Ekadashi za mwaka huo ni 26, si 24, na wapo wanaojiwekea mifungo mingine juu yake. Sabudana hupotea madukani mapema, nunua kabla.